Sahani ya Siku ya Pili

Mzee aliitoa karatasi ya majibu kwenye mfuko wa shati, ikiwa imekunjwa mara nne na kuchakaa kwenye mikunjo. Aliikunjua taratibu, akaiweka juu ya meza yangu na kuinyoosha kwa kiganja. Kwenye mstari wa kuotesha mkojo palikuwa na maneno mawili tu: hakuna kilichoota.

"Mwanangu, wanasema mkojo wangu hauna kitu," alisema baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Sasa huu moto unaoniunguza kila nikienda haja ndogo unatoka wapi?"

Alikuwa na miaka 74. Tezi dume lake lilikuwa limekua kiasi cha kumwamsha mara sita saba kwa usiku, na hata akimaliza alihisi kibofu hakijaisha. Katika miezi minne alikuwa amekunywa dozi mbili za siprofloksasini na moja ya kotrimoksazoli. Kila dozi ilimpa nafuu ya siku chache, kisha moto ukarudi palepale. Mwanawe aliyemsindikiza alikuwa ameanza kuamini kwamba ugonjwa uko kichwani mwa baba yake, na karatasi ile ilimuunga mkono.

Nilimpa kikopo kipya, nikamweleza namna ya kukinga mkojo wa katikati. Kijiti cha kupimia kilinipa dalili ya kwanza: kiraka kinachoonyesha usaha kiligeuka zambarau iliyokolea, lakini kiraka cha naitraiti kilibaki kilivyokuwa. Kisha nikaweka tone la mkojo ule juu ya kioo, bila kuuzungusha kwenye mashine, nikalikausha na kulipaka rangi kwa njia ambayo Hans Christian Gram, daktari kutoka Denmark, aliitangaza mwaka 1884. Chini ya lenzi ya mafuta niliona chembe za usaha zimejaa, na kati yake vidoti vya zambarau vimejikusanya viwili viwili, vinne vinne, na vishada vizima, kama mbegu za papai lililokatwa.

Sisi wa maabara tuna kanuni ya zamani: katika mkojo ambao haukuzungushwa, ukiona hata bakteria mmoja katika kila eneo unalolitazama kwa lenzi ya mafuta, basi kila mililita ya mkojo huo ina bakteria wapatao laki moja. Mimi niliona makumi. Mkojo wa Mzee ulikuwa umejaa, na sahani zilizooteshewa huko alikotoka zilikuwa tupu.

Aliyeandika jibu lile hakudanganya. Alifanya kazi kama alivyofundishwa, na kama nilivyofundishwa mimi. Ili kuelewa jinsi mkojo uliojaa unavyoweza kuacha sahani tupu, inabidi tuangalie namna tunavyootesha, na tumeirithi kutoka kwa nani.

Kuotesha ni kilimo. Unachukua chakula cha bakteria, unakigandisha kwa agari, unakimwaga kwenye sahani, kisha unapanda. (Agari hutokana na mwani, si huu unaolimwa Paje na Jambiani, ambao hutoa kitu kingine kiitwacho karajinani, bali mwani wa ukoo wa karibu.) Kwa mkojo, maabara zetu nyingi hutumia sahani iitwayo CLED. Ni sahani nzuri na nina mapenzi nayo: bakteria anayekula sukari ya maziwa huigeuza manjano, asiyekula huiacha na rangi yake ya buluu ya kijani, na kwa kuwa ina chumvi kidogo, Proteus, bakteria mwenye tabia ya kutambaa sahani nzima na kuwafunika wenzake, hutulia mahali pake. Unachovya kitanzi cha waya kinachobeba sehemu moja ya elfu ya mililita, unakipitisha juu ya sahani, unaiweka kwenye inkubeta yenye joto la mwili, unaenda nyumbani. Kesho yake asubuhi unahesabu vidonge vilivyoota, ambavyo tunaviita koloni. Baada ya saa 18 mpaka 24, jibu linaandikwa.

Ratiba hiyo imeshonwa kwa kipimo cha mtu mmoja, na mtu huyo ni Escherichia coli. Theodor Escherich, daktari wa watoto, alimweleza mwaka 1885 baada ya kumkuta kwenye vinyesi vya watoto wachanga. Ndiye anayesababisha karibu robo tatu ya maambukizi ya kawaida ya njia ya mkojo. Anapenda hewa, anapenda joto la mwili, hachagui chakula, na mambo yakimwendea vizuri hugawanyika kila dakika 20. Ukimpanda jioni, asubuhi unamkuta ameshajenga mji. Hata kijiti kimetengenezwa kwa kumfikiria yeye: kiraka cha naitraiti hugeuka waridi kwa kemia iliyobuniwa na Peter Griess, Mjerumani wa karne ya 19 aliyekuwa mkemia wa kiwanda cha bia Uingereza, na hugeuka pale tu ambapo bakteria ana uwezo wa kubadili naitreti kuwa naitraiti na mkojo umekaa kibofuni saa kadhaa. E. coli anaweza. Bakteria wengi wa zambarau kama wale niliowaona hawawezi.

Halafu kuna namba. Katika miaka ya 1950, Edward Kass, daktari wa Boston nchini Marekani, alikuwa na swali gumu la kweli. Mkojo unaokingwa kwenye kikopo hupita kwenye ngozi, na ngozi ina bakteria wake. Utajuaje kama ulichootesha kimetoka kibofuni au kimeokotwa mlangoni? Kass alilinganisha wanawake wenye maambukizi ya figo na wanawake wasio na dalili, akahesabu, akaona makundi mawili yanaachana kwenye bakteria 100,000 kwa mililita. Juu ya hapo, maambukizi. Chini ya hapo, uchafu wa njiani. Ilikuwa kazi safi. Kilichotokea baadaye ndicho kinachonisumbua: namba iliyopatikana kwa watu wa aina fulani ikawa sheria kwa kila mkojo duniani, pamoja na mkojo wa mwanamke kijana anayelia kwa maumivu na wa mzee mwenye mpira kibofuni.

Mwaka 1982 Walter Stamm na wenzake huko Seattle waliijaribu sheria hiyo. Waliwachukua wanawake wenye maumivu makali wakati wa kukojoa, wakachota mkojo moja kwa moja kutoka kibofuni ili ngozi isiingilie, wakaulinganisha na mkojo wa kikopo. Sheria ya laki moja iliwapata karibu nusu tu ya wanawake ambao kibofu chao kilikuwa kweli na bakteria jamii ya E. coli. Nusu nyingine wangerudishwa nyumbani na karatasi kama ya Mzee. Stamm akapendekeza kwamba kwa mwanamke mwenye dalili kali, hata bakteria 100 kwa mililita wasidharauliwe. Sasa rudi kwenye kitanzi chetu. Kinabeba sehemu moja ya elfu ya mililita, kwa hiyo koloni moja kwenye sahani inasimama badala ya bakteria elfu moja. Bakteria mia hawawezi kuonekana kwa kitanzi hicho isipokuwa kwa bahati. Kifaa chenyewe kimeshaamua kabla ya macho.

Pigo kubwa zaidi lilitoka Chuo Kikuu cha Loyola, Chicago, mwaka 2014. Watafiti wa huko, akiwemo mtaalamu wa bakteria Alan Wolfe na mtaalamu wa maabara Paul Schreckenberger, walichota mkojo kwa mpira kutoka kibofuni mwa wanawake, baadhi wenye kibofu kisichotulia na wengine wasio na shida hiyo. Badala ya kitanzi kimoja waliotesha mkojo mara mia zaidi. Badala ya sahani za kawaida peke yake walitumia za aina kadhaa, zikiwemo za damu, na baadhi waliziweka kwenye hewa yenye kabonidayoksaidi ya ziada, nyingine pasipo oksijeni kabisa. Wakasubiri siku mbili na zaidi. Kati ya sampuli 65, 52 ziliota bakteria. Kati ya hizo 52, njia ya kawaida ilikuwa imeandika "hakuna kilichoota" kwa 48.

Nilipoisoma kwa mara ya kwanza nilikaa kimya muda mrefu. Niliwaza majibu yote niliyowahi kuyasaini.

Tusikimbilie, hata hivyo, kusema kwamba wanawake wale 52 walikuwa wagonjwa. Hilo nitalirudia. Kwanza turudi kwa vidoti vya zambarau vya Mzee.

Mwaka 1989 mtaalamu wa Denmark, Jens Jørgen Christensen, pamoja na wenzake, waliandika kuhusu bakteria waliyekuwa wakimpata kwenye mikojo ya wazee, ambaye maabara nyingi zilikuwa zikimpita bila kumsalimu. Hakuwa na jina lake mwenyewe. Walimwita tu mfano wa Aerococcus. Miaka mitatu baadaye, 1992, akapewa jina kamili, Aerococcus urinae. Kosa lake, kama ni kosa, ni kufanana na wengine. Kwenye sahani ya damu huota koloni ndogo za kijivu zenye kivuli cha kijani pembeni, hivyo ukimtazama kwa macho utasema ni streptokoki wa mdomoni, mpita njia. Kwenye darubini hukaa kwa vishada, hivyo utasema ni stafilokoki wa ngozi, naye mpita njia. Kila mlango anaobisha hujibiwa "wewe si wa hapa." Na kwenye CLED, kwa siku moja, mara nyingi haonekani au huota kama vumbi.

Huyu si wa kupuuzwa. Huwapenda wazee, hasa wanaume ambao mkojo wao hautoki vizuri. Mara nyingi hubaki kibofuni. Lakini baadhi ya nyakati huingia kwenye damu na kukaa kwenye vali za moyo, na hapo watu hufa. Watoto wa kiume nao wamewahi kufikishwa kwa madaktari kwa sababu mkojo wao ulinuka vibaya kupita kiasi, wakiwa wazima kwa mengine yote, na aliyekutwa ni yeye. Mama akikwambia mkojo wa mwanawe unanuka kama kitu kilichooza, usimwambie ampe maji mengi tu ukamwacha aende.

Kumtambua bila mashine kunawezekana, na napenda mafundi chipukizi walijue hili. Unadondosha tone la haidrojeni peroksaidi, ile dawa ya kuoshea vidonda, juu ya koloni. Stafilokoki hutoa povu, huyu hatoi. Sasa una vishada visivyotoa povu, na hapo hapo unapaswa kusimama na kujiuliza, maana stafilokoki ameshaondoka kwenye orodha na streptokoki hukaa kwa minyororo, si kwa vishada. Vipimo viwili vya vimeng'enya, PYR na LAP, humtenganisha na ndugu yake Aerococcus viridans: wa mkojo hujibu LAP na kukataa PYR, ndugu yake hufanya kinyume.

Yupo mwingine mwenye aibu kuliko huyo. Alielezwa mwaka 1997 kutoka kwenye damu ya binadamu kwa jina la Actinobaculum schaalii, na tangu 2015 anaitwa Actinotignum schaalii. Ni kijiti kidogo kilichopinda kidogo. Hewa ya kawaida haimfai, CLED haimfai, na siku moja haimtoshi. Anataka sahani ya damu, kabonidayoksaidi au kukosekana kwa oksijeni, na saa 48. Watu wa Denmark, ambao naona wamekuwa wavumilivu kuliko sisi sote katika jambo hili, waliacha kumsubiri aote wakamtafuta kwa vinasaba kwenye mikojo ya kawaida iliyoletwa maabara. Katika taarifa yao ya mwaka 2010, kwa watu wenye zaidi ya miaka 60, walimkuta katika sampuli zaidi ya moja kwa kila tano. Bakteria wa kila sampuli ya tano akaitwa nadra! Unadra wake ulitengenezwa na saa ya ukutani na hewa ya inkubeta.

Na hili si suala la majina tu. Actinotignum kwa kawaida haguswi na siprofloksasini wala kotrimoksazoli, dawa mbili ambazo mzee mwenye shida ya mkojo huanza kupewa. Penisilini na jamaa zake humuua bila shida. Mgonjwa anaweza kuzunguka miezi akimeza dawa kali zaidi na ghali zaidi, wakati inayomfaa ni ya kizamani na ya bei ndogo.

Wa tatu nitamtaja kwa ufupi kwa kuwa hupatikana zaidi hospitali kubwa. Corynebacterium urealyticum huvunja urea ikawa amonia, mkojo ukawa mkali kama soda ya kufulia, na chumvi zikaganda kwenye ukuta wa kibofu kama ukoko kwenye sufuria ya wali. Huota polepole, hufanana na vijiti vya kawaida vya ngozi, na huzishinda dawa nyingi tunazozijua. Huwapata waliokaa na mpira muda mrefu na waliopandikizwa figo. Tangu Hospitali ya Muhimbili ilipofanya upandikizaji wa kwanza wa figo nchini Tanzania, mwaka 2017, wagonjwa wa aina hiyo wanaishi nasi mitaani na wanaleta vikopo vyao kwenye maabara za kawaida. Ukinusa amonia kwenye mkojo uliokingwa sasa hivi, usitupe sahani siku ya kwanza.

Yupo mmoja ambaye kwetu angepaswa kuwa wa kwanza kukumbukwa, na kila mara huwa wa mwisho. Mkojo una usaha, sahani haina kitu, dozi zinapishana, na mgonjwa anakonda kidogo kidogo. Hii ni picha ya kifua kikuu cha figo na kibofu. Robert Koch alimtangaza mdudu wa kifua kikuu jijini Berlin tarehe 24 Machi 1882, na tangu siku hiyo tumemfikiria kwenye mapafu. Lakini husafiri kwa damu, hutua kwenye figo, hulala huko miaka mingi, kisha hushuka na mkojo. E. coli hugawanyika kila dakika 20. Huyu huhitaji karibu saa 20. Katika usiku mmoja ambao E. coli amejenga mji, huyu amezaa mtoto mmoja. Hatapokea rangi ya Gram sawasawa kwa sababu amejivika nta. Ukimpanda kwenye chakula chake, ambacho hutengenezwa kwa mayai ya kuku, utasubiri mpaka wiki nane.

Siku hizi hatuna sababu ya kusubiri hivyo. Mashine za kusoma vinasaba vya kifua kikuu, ambazo Shirika la Afya Duniani liliziidhinisha kwa makohozi mwaka 2010, ziko katika hospitali nyingi za wilaya, na mkojo unaweza kupitishwa humo na kutoa jibu kwa saa chache. Kinachotakiwa ni mkojo wa kwanza wa alfajiri, siku tatu mfululizo, kwa sababu vijidudu havitoki kila siku. Na kinachotakiwa zaidi ni mtu wa kuandika "kifua kikuu?" kwenye fomu ya maabara. Maabara haiwezi kumtafuta mdudu huyu kwa bahati.

Hapo kuna mtego ambao ningependa kila mwenye duka la dawa aujue. Siprofloksasini na ndugu zake hupunguza nguvu za mdudu wa kifua kikuu bila kummaliza. Mgonjwa anayepewa dozi baada ya dozi kwa kudhani ana UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, hupata nafuu, na nafuu hiyo ndiyo inayomchelewesha. Akija kupimwa, vijidudu vimefifia na kipimo huweza kukosa. Wakati huohuo figo inaliwa, mrija unaoshusha mkojo unasinyaa, kibofu kinajikunja kuwa kama ngumi.

Na kwa kuwa tuko Afrika Mashariki, tukiona usaha au damu kwenye mkojo bila bakteria ni lazima tukumbuke kichocho, ingawa hicho huletwa na minyoo. Kwa watu wa Pemba, wa mashamba ya mpunga ya Kanda ya Ziwa, wa kila penye maji yaliyotuama na konokono, tone la damu mwishoni mwa mkojo lina maana yake. Mayai ya minyoo hiyo, yenye mwiba mkiani, hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Mkojo wa alfajiri unaofaa kwa kifua kikuu haufai kwa kichocho. Saa ya kukinga ni sehemu ya kipimo.

Sasa nirudi nilikoahidi, kwa sababu najua sura hii inaweza kusomwa vibaya. Mitaani kwetu UTI limekuwa jina la kila homa isiyo malaria. Mtu anaumwa mgongo, ana UTI. Amechoka, ana UTI. Akipimwa na kukutwa na chembe mbili tatu za usaha, anaambiwa ana "UTI sugu" na kupewa sindano. Nikisema kwamba kuna bakteria wanaofichika kwenye sahani tupu, sitaki kumpa mtu yeyote kibali cha kumchoma mgonjwa sindano kwa bakteria aliyewazwa tu.

Wanawake wa Loyola wametufundisha pande zote mbili. Kibofu hakikuwa jangwa kama tulivyofundishwa. Kina wakazi wake, wengine wapole kabisa, wengine huenda wanatulinda. Kumkuta bakteria hakutoshi kumhukumu. Wazee wengi hubeba bakteria kwenye mkojo bila ugonjwa wowote, na kuwatibu huwaharibia tumbo na kuzalisha usugu bila kuwaongezea siku. Isipokuwa mjamzito, na mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo, bakteria asiye na dalili huachwa. Mimi namshtaki bakteria pale ushahidi unapokutana: mgonjwa ana dalili za mkojo, usaha upo, bakteria ameota kwa wingi na ameota peke yake, na mkojo wa pili uliokingwa vizuri umemtaja tena. Sahani yenye aina nne za koloni ni mkojo uliokingwa vibaya, au uliochelewa.

Kuchelewa huko, ndugu msomaji, ndiko kunakotumaliza. Kikopo kinachotoka zahanati asubuhi, kikakaa juu ya dirisha, kikapanda bodaboda jua la saa sita, kikafika maabara saa tisa, kimeshakuwa shamba. E. coli wawili watatu waliookotwa kwenye ngozi wamezaliana mpaka kuvuka laki moja, na wale wa polepole wamefunikwa. Saa mbili ndizo tulizonazo, au jokofu. Hakuna teknolojia inayorekebisha kosa la kikopo.

Nasema hivyo kwa kuwa teknolojia ipo na ni ya ajabu. Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox, katika Chuo Kikuu cha Illinois, walionyesha kwamba kipande kimoja cha kiwanda cha protini cha seli, kiitwacho 16S, kinatosha kupanga viumbe kwa koo. Kina herufi kama 1,500, na ukizisoma unamjua bakteria hata kama hana tabia inayojulikana. Ndivyo wengi wa nadra hawa walivyopata majina. Baadaye ikaja mashine ya kupima uzito wa protini. Unapaka koloni kwenye bati, unaifunika kwa asidi inayomeza mwanga, leza inapiga, protini zinaruka ndani ya mrija usio na hewa, nyepesi zikitangulia na nzito zikifuata. Mpangilio wa kufika kwao ni kama alama za vidole. Michael Karas na Franz Hillenkamp walijenga njia hiyo Ujerumani katika miaka ya 1980, na Koichi Tanaka wa Japani alipata sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2002 kwa kazi inayofanana nayo. Leo hospitali yenye mashine hiyo humtaja Aerococcus urinae kwa dakika chache.

Lakini itamtaja aliyeota tu. Mashine ya mamilioni haina jibu kwa koloni ambayo haikupewa nafasi ya kuota. Na nafasi hiyo ni rahisi mno kiasi kwamba naona uchungu kuona inakosekana: sahani moja ya damu ya kondoo pembeni ya CLED, na mtungi wenye mfuniko unaobana. Unaziweka sahani ndani, unawasha mshumaa mweupe, unafunga. Mshumaa unakula oksijeni mpaka unazimika wenyewe, na hewa inayobaki ina kabonidayoksaidi karibu asilimia tatu. Walimu wangu walikuwa wakiotesha kisonono namna hiyo. Mshumaa ni wa dukani. Si kila mkojo unaohitaji haya. Unahitaji ule wenye usaha na CLED tupu, ule wa mzee asiyepona, ule ambao darubini imeona kitu na sahani ikakataa.

Wa Mzee niliupanda hivyo. Asubuhi ya kwanza CLED ilikuwa safi kama ilivyotoka dukani, na sahani ya damu ilikuwa na kitu kama vumbi ambalo ningeweza kulipuliza. Niliirudisha mtungini, nikawasha mshumaa mwingine. Asubuhi ya pili koloni zilikuwa zimejaa, za kijivu, ndogo kuliko kichwa cha pini, kila moja na kivuli chake cha kijani. Tone la haidrojeni peroksaidi halikutoa povu. Tulituma sahani kwenye maabara yenye mashine ya protini, na jina likarudi siku hiyohiyo. Daktari wake alimwandikia amoksilini, na kabla ya hapo alimvua shati akamsikiliza moyo kwa muda mrefu, akachukua na damu ya kuotesha.

Mzee alirudi baada ya wiki mbili, safari hii peke yake. Damu haikuota kitu hata baada ya siku tano. Usiku alikuwa bado anaamka mara tatu nne, maana tezi dume lilikuwa bado lipo na alikuwa amepangiwa kuonana na daktari wa upasuaji, lakini moto ulikuwa umekwisha. Alitoa karatasi ile ya zamani mfukoni, akaigeuza upande usioandikwa.

"Niandikie jina lake hapa," alisema. "Kwa herufi kubwa. Akirudi nikiwa hospitali nyingine, niwaonyeshe nani wa kumtafuta."

Nikamwandikia, na chini yake nikaongeza: sahani ya damu, mtungi wa mshumaa, siku mbili.